Programu Huria kwa Kampuni Ndogo: Kuichagua, Kuisakinisha na Kubaki na Kumbukumbu Zako

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji mwenye kampuni ndogo ataweza kuitambua programu huria, kuchagua inayolingana na shughuli zake, kuandikiana mkataba unaoeleweka na fundi, na kuhakikisha kwamba kumbukumbu za biashara zinabaki mikononi mwake hata fundi akiondoka.

Utangulizi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo haujachakaa. Kilichobadilika ni daftari lenyewe. Mfanyabiashara wa Musoma, Bunda au Butiama ambaye jana aliandika mauzo kwa kalamu, leo anashauriwa kuyaweka kwenye kompyuta. Ushauri huo ni mwema. Hata hivyo, daftari la karatasi hukaa kabatini mwa mwenye duka, ilhali daftari la kompyuta huweza kufungwa kwa ufunguo alionao mtu mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya programu, mlaji hana budi kuuliza swali moja: siku nikiachana na aliyeniwekea, nitaondoka na kumbukumbu zangu?

1. Programu huria ni nini?

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo leseni yake inampa kila mtumiaji haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza namna ilivyoandikwa, kuwagawia wengine, na kuibadilisha. Maandishi yaliyoiunda, yaani msimbo wake, yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Kwa sababu hiyo, fundi wa kwanza akishindwa kazi, fundi wa pili anaweza kuiendeleza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Takwimu za vituo vya afya nchini nazo hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe.

Mlaji atofautishe vitu vitatu ambavyo sokoni huchanganywa. Cha kwanza ni programu huria, tuliyokwisha kuieleza. Cha pili ni programu inayotolewa bure ilhali msimbo wake umefungwa. Mwenyewe anaweza kuanza kuitoza kesho, nawe huna la kufanya. Cha tatu ni nakala ya programu ya kulipiwa iliyovunjwa kinga yake na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na aghalabu huja na virusi.

Aidha, uhuria wa programu haumaanishi kwamba kazi yote ni ya bure. Kuipakua ni bure. Kuisakinisha, yaani kuiweka kwenye kompyuta hadi ifanye kazi, kuingiza kumbukumbu za mwanzo, kufundisha wafanyakazi na kuitunza ni kazi za watu, na watu hulipwa.

2. Andika kazi kwanza, ndipo utafute programu

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni moja ina stoo ya zana za uvuvi Musoma mjini, duka la pembejeo Bunda na duka dogo Butiama. Ina wafanyakazi saba. Baadhi ya wateja huchukua bidhaa kwa mali kauli na kulipa baadaye.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye kampuni huyu anapaswa kukaa na wafanyakazi wake na kuandika katika ukurasa mmoja: bidhaa huingia vipi, hutoka vipi, nani anaruhusiwa kupunguza bei, na deni hufuatiliwaje. Zoezi hili dogo hufichua mambo ambayo muuzaji wa programu hayajui. Kwa mfano, wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, hivyo kazi yao hupungua mbalamwezi inapong'aa. Mteja wa aina hiyo hulipa giza linaporudi. Mkulima wa pamba wa Bunda naye hulipa msimu wa kuuza pamba ukifika. Programu inayolazimisha kila deni liive baada ya siku 30 itaonesha wateja waaminifu kuwa wadaiwa sugu. Basi katika orodha ya mahitaji iandikwe: tarehe ya kulipa ipangwe kwa kila mteja.

Orodha ikikamilika, igawe katika mafungu mawili: yale ambayo bila hayo biashara haiendi, na yale yatakayofaa baadaye. Programu ichaguliwe kwa fungu la kwanza.

3. Programu za kuanzia

LibreOffice. Jedwali lake la hesabu linatosha kwa biashara ya mtu mmoja au wawili yenye bidhaa chache. Ni rahisi kujifunza. Udhaifu wake ni kwamba yeyote anayelifungua anaweza kufuta tarakimu bila kuacha alama, isipokuwa limewekewa kinga.

GnuCash. Ni programu ya uhasibu inayofuata kanuni ya kuandika kila muamala pande mbili. Inamfaa mwenye kampuni ambaye mhasibu wake ni mmoja, kwa kuwa haikuundwa kutumiwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Haikuundwa pia kwa kazi ya kaunta.

Dolibarr. Huunganisha wateja, ankara na stoo zaidi ya moja. Sehemu usiyoihitaji unaweza kuizima. Husakinishwa hata kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows, na kwa kampuni nyingi ndogo ni hatua nzuri ya kwanza baada ya majedwali.

ERPNext. Ina uhasibu kamili, stoo na mauzo mahali pamoja. Huhitaji seva ya Linux na fundi anayeifahamu. Usiichague kwa sababu tu ina mambo mengi. Kila sehemu isiyotumika ni mzigo wa kujifunza.

Odoo. Hapa mlaji awe macho, kwa kuwa Odoo ina matoleo mawili. Toleo la jumuiya ni huria. Toleo la pili hulipiwa, na sehemu kamili ya uhasibu imo katika hilo la pili. Mtu akikuonesha Odoo na kuisifu, muulize ni toleo lipi.

Kampuni ya mfano wetu, yenye vituo vitatu na wateja wa mali kauli, inaweza kuanza na Dolibarr, kisha ikahamia ERPNext ikikua. Kabla ya uamuzi wowote, ijaribu programu kwa wiki mbili kwenye kompyuta moja, kwa kuingiza bidhaa 20 na wateja 10 halisi. Mfanyakazi wa kaunta ndiye aijaribu, kwa maana ndiye atakayeitumia wateja wakiwa wamesimama mbele yake.

4. Mkataba na fundi

Tuendelee na mfano wetu. Bei zinazofuata ni za kufundishia tu. Fundi wa kwanza anataka shilingi 1,500,000 za "programu" na shilingi 400,000 za "leseni" kila mwaka. Kwa miaka mitatu jumla ni shilingi 2,700,000. Fundi wa pili anaandika: kusakinisha 250,000, kuingiza kumbukumbu za mwanzo 150,000, mafunzo ya siku tatu 300,000, msaada wa miezi sita 200,000. Jumla ni shilingi 900,000, na baada ya hapo msaada utalipiwa kwa makubaliano mapya.

Tofauti kubwa zaidi ya bei ni kwamba fundi wa pili ameuza kazi inayoweza kuhesabiwa na kukaguliwa. Wa kwanza ameuza kitu ambacho mlaji angeweza kukipakua mwenyewe. Si kosa kumlipa mtu kwa kazi yake. Lakini ukiambiwa kwamba programu huria itazimwa usipolipia leseni ya mwaka, mwombe akuoneshe kifungu cha leseni kinachosema hivyo.

Mkataba uwe wa maandishi na utaje mambo haya:

(a) jina la programu, toleo lake na leseni yake;
(b) kila kazi na bei yake, na malipo kwa awamu, awamu ya mwisho ikilipwa baada ya mwezi mmoja wa matumizi;
(c) kwamba akaunti ya msimamizi mkuu na nywila zake zote zinakabidhiwa kwa mwenye kampuni;
(d) kwamba jina la tovuti na seva ya kukodi, kama zipo, vimesajiliwa kwa jina la kampuni;
(e) kwamba kumbukumbu zote ni mali ya kampuni, na fundi ataonesha namna ya kuzitoa katika faili linalofunguka kwenye programu nyingine.

Vifungu (c) hadi (e) ndivyo vinavyookoa. Fundi akihama, akiugua au mkikosana, kampuni isiyokuwa navyo hujikuta imefungiwa nje ya daftari lake: haijui nani anaidai wala inamdai nani. Programu inaweza kuwa huria kabisa, na bado mlaji akawa mfungwa wa nywila asiyoijua.

5. Hatua za usakinishaji

Hatua ya kwanza: amua programu itakaa wapi. Ikikaa kwenye kompyuta ya stoo ya Musoma, kazi ya Musoma itaendelea hata intaneti ikikatika, ila Bunda na Butiama hazitaifikia kwa urahisi. Ikikaa kwenye seva ya kukodi, vituo vyote vitaifungua kwa intaneti, lakini intaneti ikikatika kaunta itasimama. Kwa hali yoyote, kila duka liwe na daftari la dharura, na yaliyoandikwa humo yaingizwe siku hiyohiyo huduma inaporejea.

Hatua ya pili: pakua programu kutoka tovuti rasmi ya waundaji wake. Usipokee kutoka kwenye flashi ya mtu.

Hatua ya tatu: ilinde mashine. Umeme ukikatika ghafla wakati wa kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika. Kompyuta mpakato yenye betri nzima, au betri ya akiba kwa kompyuta ya mezani, hutoa muda wa kuzima kwa utaratibu.

Hatua ya nne: kila mfanyakazi apewe akaunti yake na nywila yake. Muuzaji wa Butiama asiweze kufuta ankara ya Bunda. Akaunti moja ikitumiwa na watu saba, upotevu hauna mwenyewe.

Hatua ya tano: fanyeni hesabu ya mali siku moja, dukani na stoo, kisha ingizeni idadi hiyo kama mwanzo. Makosa ya siku ya kwanza huishi mwaka mzima.

Hatua ya sita: kwa mwezi mmoja, andikeni kotekote, kwenye daftari la zamani na kwenye programu. Kila jioni linganisheni fedha taslimu, malipo ya simu na madeni. Zikipishana, tafuteni sababu kabla ya kulala.

Hatua ya saba: wekeni nakala rudufu kila siku. Moja ibaki dukani kwenye diski ya nje, nyingine iwe nje ya jengo. Kwa mfano, nakala ya Musoma ihifadhiwe Bunda. Kisha, mara moja kila mwezi, irejesheni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine mwone kama inafunguka. Nakala ambayo haijajaribiwa haiaminiki.

6. Sheria zinazogusa kumbukumbu zako

Programu haichukui nafasi ya mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti. Karatasi inayochapwa na programu peke yake si risiti ya kodi. Mtu akikuahidi kuunganisha programu na mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), thibitisha kwanza katika ofisi ya TRA kwamba huduma hiyo imeidhinishwa. Kumbuka pia kwamba kumbukumbu za kodi hutunzwa kwa miaka mitano. Nakala zako ziwe na umri huo.

Majina na namba za simu za wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa hizo kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda. Seva ya kukodi ikiwa nje ya nchi, uliza masharti ya kusafirisha taarifa kabla ya kuzipeleka huko.

7. Ukipatwa na tatizo

Anza kwa kumwandikia fundi barua ukitaja kifungu cha mkataba kilichovunjwa, na ubaki na nakala. Tunza risiti, ujumbe wa simu na matangazo yaliyokushawishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma, na malalamiko ya aina hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Palipo na mkataba uliosainiwa, shauri huwa jepesi. Palipo na maneno matupu, hubaki neno lako dhidi ya lake.

Maswali ya kujipima

1. Je, unaweza kuitaja leseni ya programu unayoitumia sasa?
2. Nywila ya msimamizi mkuu iko kwa nani? Ingia leo uithibitishe.
3. Nakala rudufu ya mwisho ni ya lini, na imewahi kurejeshwa?
4. Fundi wako akihama kesho, utaweza kuchapa orodha ya wadaiwa wako wote?

Ikiwa jibu la swali la nne ni hapana, usiongeze kitu kingine kwenye mfumo wako kabla ya kulitatua hilo.