Mtindi na Kinywa: Kijitabu cha Kaya za Kiabakari

Kuzunguka Kiabakari, kuanzia barabara ya Bunda hadi vijiji vya Butiama, maziwa hayakosekani. Asiye na ng'ombe hununua kwa jirani. Kijitabu hiki kinajibu swali moja kuhusu maziwa hayo yakishachachuka: je, bakteria walio ndani ya mtindi wanaweza kulinda meno na fizi? Wanaweza kusaidia, lakini kwa masharti: wawe hai, mtindi usiwe na sukari, na mswaki uendelee kutumika asubuhi na usiku.

Meno huozaje

Kinywani mwa binadamu huishi mamia ya aina za bakteria. Wengi hawana madhara. Msumbufu anayejulikana zaidi ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na daktari Clarke wa Uingereza. Hujishikiza kwenye ukoga, ule utando unaonata juu ya jino usiposwaki, hula sukari unayokula wewe na kutoa asidi. Asidi ikikolea, madini ya jino huanza kuyeyuka. Mate huizimua taratibu na kurudisha sehemu ya madini yale, lakini huhitaji muda. Ndiyo maana mtoto anayelamba pipi moja moja kutwa nzima huharibikiwa meno kuliko yule aliyezimaliza zote mara moja baada ya chakula cha mchana. Wazazi wengi hudhani ni kinyume chake.

Kuua bakteria wote wa kinywani haiwezekani, na hakuna haja. Wazo la probiotiki ni kuwaleta wengine wasio na madhara, washindanie nafasi na chakula na wale wabaya.

Kilichopimwa

Jaribio linalotajwa sana lilifanyika katika shule za chekechea jijini Helsinki, Finland, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2001. Watoto 594 wenye umri wa mwaka 1 hadi 6 walinyweshwa maziwa siku 5 kwa wiki kwa miezi 7. Nusu yao walipewa maziwa ya kawaida, nusu nyingine maziwa yaliyotiwa bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GG. Waliopata bakteria walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya kuoza meno, na tofauti ilijitokeza zaidi kwa wenye miaka 3 na 4.

Bakteria huyo ana sifa moja inayomfaa mwenye meno: hawezi kuchachua sukari ya maziwa wala sukari ya mezani, kwa hiyo hazigeuzi kuwa asidi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hawezi kutengeneza mtindi peke yake. Lazima apate mwenzake wa kuchachua maziwa. Shirika la Yoba for Life lenye asili ya Uholanzi liliwaunganisha wawili hao katika kimea kimoja cha unga, bei nafuu, kwa wasindikaji wadogo wa Uganda, na baadaye Kenya na Tanzania. Gramu 1 inatosha lita 100 za maziwa.

Karibu zaidi na sisi, Mwanza, akina mama wa Mabatini walianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wa probiotiki kwa kushirikiana na chuo kikuu cha Western cha Kanada. Bakteria wao ni ndugu wa yule wa Helsinki, ila lengo lao halikuwa meno. Walitaka lishe na afya ya tumbo, hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na kipato kwa akina mama wenyewe. Tunawataja kwa sababu wanaonyesha kwamba kazi hii haihitaji kiwanda kikubwa.

Sasa upande wa pili. Bakteria hawa ni wapangaji wa muda: ukiacha kunywa, hutoweka kinywani baada ya siku au wiki chache. Na hakuna mtindi unaoziba jino lililokwisha kutoboka.

Kutengeneza nyumbani

Maziwa yachemshwe, hata kama ni ya ng'ombe wako mwenyewe unayemwamini. Mgando wa kibuyu uliotokana na maziwa mabichi unaweza kubeba bruselosisi, ambayo ni ugonjwa ule ule unaotupisha mimba ng'ombe, au kifua kikuu cha ng'ombe. Uchachu hauaminiki kuviua vimelea hivyo. Wazee waliokunywa mgando huo maisha yao yote bila kuugua wapo, lakini wapo pia waliohangaika na homa na maumivu ya viungo bila kujua chanzo.

Chemsha hadi yafoke, koroga, yaache yapoe ukiwa umeyafunika. Weka kiganja ubavuni mwa sufuria: ukiweza kukiacha hapo ukahesabu mpaka kumi bila kuungua, joto linafaa. Yakiwa ya moto kuliko hapo utawaua bakteria. Yakiwa ya baridi watalala. Tia kimea, au vijiko viwili vya chakula vya mtindi mzuri ambao haukupashwa moto kwa kila lita. Koroga kwa kijiko safi, mimina kwenye chupa ya chai au funga sufuria kwa blanketi, na usiitikise mpaka asubuhi.

Ukitaka bakteria wa probiotiki, tumia kimea kipya kila mara. Ukizidi kuzalisha mtindi kutoka mtindi wa jana, yule unayemtaka hupungua na wengine hutawala. Ladha inaweza kubaki ile ile, hivyo ulimi hautakuambia.

Kunywa kwa ajili ya kinywa

Kikombe kimoja kwa siku, pamoja na chakula au mara tu baada yake. Usigugumie. Uzungushe kinywani kidogo kabla ya kumeza, kwani bakteria aliyepita mbio kuelekea tumboni hajafanya lolote kwenye meno. Usiupashe moto wala kuuchanganya na uji unaotokota. Usiku ukishaswaki, usinywe tena isipokuwa maji.

Sukari ndiyo inayoharibu kazi yote. Kijiko kimoja kikitiwa kwenye kikombe, umemlisha Streptococcus mutans kwanza. Mtindi wa dukani wenye rangi na ladha ya matunda mara nyingi umeshatiwa sukari. Soma maandishi kwenye pakiti. Mtoto akiukataa mchachu, mpondee ndizi mbivu ndani yake, ale wakati wa mlo.

Wa kusubiri au kuuliza kwanza

Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Aliyezaliwa njiti, mgonjwa aliyelazwa akiwa mahututi, na mtu mwenye kinga iliyoshuka sana wamuulize daktari kabla ya kutumia kimea cha probiotiki. Anayemeza antibaiotiki aache saa mbili kati ya dawa na mtindi, na amalize dozi.

Dawa ya meno iwe yenye floraidi. Mtoto mdogo apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na mzazi amswaki mwenyewe mpaka aweze vizuri.

Jino likiuma usiku, fizi ikitoa usaha au shavu likivimba pamoja na homa, usingojee mtindi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu uelekezwe kwenye kliniki ya kinywa na meno. Uvimbe wa jino unaoshuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, na mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.