SOMO LA AFYA: GESI YA SHIMO LA CHOO, MKAA NA KUTU

Wakazi huuliza kama mkaa unaondoa harufu ya shimo la choo, na kama mtu mwenye mkaa anaweza kuingia humo salama. Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, kwa kiasi. La pili ni hapana kabisa.

Harufu ya yai bovu inatokana na gesi iitwayo hidrojeni salfaidi. Inatengenezwa na vijidudu vinavyoozesha kinyesi mahali pasipo na hewa. Ni nzito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini. Waliotoka upande wa Goma wanajua mazuku, hewa mbaya inayolala kwenye mabonde na kuua mifugo na watu. Ile ni gesi nyingine, ya volkano, lakini tabia ya kulala chini inafanana.

Mkaa unafanyaje kazi?

Mkaa umejaa vitundu. Ule uliotengenezwa kiwandani kwa mvuke na joto kali una vitundu vidogo mno: kuta za vitundu vya gramu moja tu, zikitandazwa, zinaweza kupita mita za mraba 500, yaani zaidi ya uwanja wa mpira wa kikapu. Gesi ikipita inanata humo. Wataalamu pia hutia ndani yake dawa ya aina ya magadi au chuma. Pakiwa na unyevu na hewa kidogo, gesi inageuka kuwa salfa, ule unga wa manjano, na kubaki ndani. Kitu kinachoharakisha mabadiliko hayo huitwa kichocheo. Vitundu vikijaa, kazi imekwisha. Mkaa wetu wa jikoni unakamata gesi kidogo tu na kuchoka upesi.

Na kutu?

Kutu hutumika kwenye mitambo ya biogesi, kama ile iliyojengwa katika magereza ya Rwanda miaka ya 2000, ambapo kinyesi hutoa gesi ya kupikia. Salfaidi ikiwa nyingi inakula mabomba na majiko, na moshi wake unakereketa koo. Hivyo gesi inapitishwa kwanza kwenye chombo kilichofungwa chenye nyuzi za chuma zilizoshika kutu. Kutu inakamata salfaidi na kuwa nyeusi. Ikianikwa hewani inarudi kuwa nyekundu, lakini wakati huo inapata joto na inaweza kuwaka yenyewe. Ni lazima ilowanishwe maji na kuwekwa mbali na nyasi na maturubai. Mwachie fundi wa mtambo kazi hiyo.

Kwa nini mkaa haukulindi shimoni?

Kwenye bomba gesi yote inalazimika kupita katikati ya mkaa. Shimoni imekuzunguka pande zote. Kitambaa chenye mkaa au barakoa ya vumbi haizuii kitu, na hakuna mkaa unaoongeza hewa ya kupumua pale ilipopungua.

Jambo baya zaidi ni pua. Gesi ikiwa kidogo sana unainusa. Ikifika sehemu 100 hivi katika milioni moja ya hewa, pua inakufa ganzi baada ya dakika chache. Mtu anasema, "Harufu imeisha," kumbe gesi imezidi. Ikipita sehemu 700 anaweza kuanguka baada ya pumzi chache.

Tena tope likikorogwa linaachia gesi iliyofungwa humo, kama soda iliyotikiswa. Ndiyo maana shimo lililoonekana tulivu linaua mara mtu anapokanyaga chini. Usimwage asidi ya betri chooni, inatoa gesi zaidi. Usishushe taa ya moto kupima hewa, kwani gesi nyingine ya humo hulipuka.

Simu ikidondoka, iache au ivue kwa ndoano ndefu ukiwa juu. Mtu akianguka, usimfuate, hata akiwa mwanao: mara nyingi anayemfuata hufa pia. Piga kelele, zuia wengine, ita waokoaji wenye mitungi ya hewa. Kama ana kamba mwilini, mvuteni kutoka juu. Akishatoka, mlazeni penye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mpelekeni zahanati hata kama amezinduka na kusema yuko sawa. Mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye.