Kinga ya Mwili na Neva za Utumbo katika Mzio wa Chakula

Msimu wa senene ufikapo mkoani Kagera, watu wengi huwala kwa furaha. Lakini katika nyumba moja ya Bugene, wilayani Karagwe, huenda akawapo mtoto ambaye kila alapo senene huwashwa midomo, huumwa tumbo na kutapika. Akiwakataa, huambiwa anadeka. Je, ni kudeka au ni mzio?

Mzio ni hali ya kinga ya mwili kukipiga vita chakula kisichodhuru wengine. Huanza kimya kimya. Mwili hukutana na protini, kwa mfano tropomiosini, ambayo imo katika misuli ya wadudu, kamba na kaa, na ambayo haiharibiki kwa urahisi ikipikwa. Mwili wa baadhi ya watu hutengeneza kingamwili za aina ya E dhidi yake. Kingamwili hizo hujishikiza juu ya seli za masti, ambazo Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, na ambazo zimo pia katika ukuta wa utumbo. Protini ileile irudipo, hunaswa na kingamwili hizo, na seli humwaga histamini na kemikali nyinginezo.

Hapo neva huingia kazini. Utumbo una mtandao wake wenye seli za neva zaidi ya milioni 100, na seli nyingi za masti hukaa karibu na ncha za neva. Neva zikiamshwa, misuli ya utumbo hujikaza na habari za maumivu hufika kwenye ubongo. Neva nazo hutoa kemikali ziwezazo kuchochea tena seli za masti.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani na Ujerumani walichapisha majaribio juu ya panya. Panya wenye mzio wa protini ya ute wa yai waliepuka maji yaliyotiwa protini hiyo. Wasio na seli za masti hawakuyaepuka. Yaani, kinga iliufunza ubongo kukataa.

Majaribio hayo hayathibitishi kwamba kila mtoto akataaye chakula ana mzio. Hata hivyo, anayeugua kila alapo chakula kilekile asilazimishwe. Apelekwe kwa mganga apimwe. Akivimba koo, akipumua kwa shida au akizimia, apelekwe hospitali mara moja, kwani huhitaji sindano ya adrenalini bila kuchelewa.

Swali: Kwa nini dalili za mzio hazitokei mwili unapokutana na protini kwa mara ya kwanza kabisa?