Mafuta Yaliyolala: Utunzaji wa Petroli na Dizeli katika Injini Zilizopumzishwa

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, ambako sehemu nyingi zina kimo cha zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Miezi inayosalia ni mikavu, yenye mchana wa jua kali na usiku wa baridi. Mafuta ya injini hufika huko baada ya safari ndefu kutoka pwani. Kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, mwendo huo unazidi kilomita 1,200. Si ajabu, basi, kwamba wenye magari na mashine hupenda kuweka akiba.

Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilipata umeme wa jenereta za dizeli, hadi ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Badiliko hilo lina faida kubwa, lakini limeleta jambo la kuangaliwa. Jenereta ya hospitali au ya shule, ambayo zamani ilihitajiwa mara kwa mara, sasa hungoja siku umeme utakapokatika. Gari la shule nalo husimama likizo nzima. Injini ikipumzika, mafuta yaliyomo ndani yake hayapumziki, yanaendelea kubadilika. Siku mgonjwa atakapokuwa juu ya meza ya upasuaji, mafuta hayo ndiyo yatakayoamua kama taa itawaka.

Mabadiliko ya petroli

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi. Zile nyepesi huanza kuchemka katika joto la nyuzi 30 hivi za Sentigredi, na zile nzito hukaribia nyuzi 200. Injini iliyo baridi huwashwa kwa msaada wa sehemu nyepesi, kwa kuwa ndizo zinazogeuka mvuke upesi. Chombo kisipozibwa vizuri, sehemu hizo hutoroka kwanza. Mafuta yanayobaki huonekana kuwa mengi, lakini injini haiwaki.

Badiliko la pili ni la kikemia. Oksijeni ya hewa huungana na baadhi ya molekuli za petroli, na molekuli hizo hushikana na kuwa utomvu unaonata. Joto huharakisha kazi hiyo. Kwa makadirio ya kawaida, mwendo wa mabadiliko ya namna hii huongezeka karibu mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10. Pipa lililoachwa juani huzeeka mapema kuliko lililo kivulini.

Utomvu hudhuru zaidi katika kabureta. Petroli iliyomo humo ni kidogo, na ikikauka huacha utando unaoziba vitundu vyembamba. Kwa hiyo, kabla ya kuweka jenereta ndogo ya petroli kwa likizo ndefu, hufungwa bomba la mafuta na injini huachwa iendelee mpaka izimike yenyewe. Injini ya dizeli isitendewe hivyo: ikiishiwa mafuta, hewa huingia katika pampu na mabomba yake, nayo haitawaka mpaka hewa hiyo itolewe.

Dizeli, maji na viumbe vidogo

Dizeli haipotei upesi kwa mvuke. Adui yake mkubwa ni maji. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, hutua chini ya tangi. Hapo mafuta yanapokutana na maji, bakteria na kuvu huweza kuishi: hupata maji upande mmoja na chakula upande wa pili. Huzaa ute mweusi au wa kahawia unaoziba chujio, na asidi zake hula chuma cha tangi.

Maji hayo hutoka wapi? Watu wengi hujibu kwamba ni umande wa hewa iliyomo ndani ya tangi. Jibu hilo lina ukweli, lakini hesabu ndogo itaonyesha kiasi chake.

Chukua pipa la lita 200 lililojaa nusu. Juu ya mafuta pana lita 100 za hewa. Usiku joto likishuka kutoka nyuzi 25 hadi 15, hewa hiyo husinyaa kwa sehemu 10 katika 298, yaani lita 3.4 hivi, na hewa ya nje huingia kujaza nafasi. Hewa yenye joto la nyuzi 25 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 23 za mvuke wa maji katika mita moja ya ujazo. Kwa hiyo lita 3.4 haziwezi kuingiza zaidi ya gramu 0.08 kwa usiku mmoja. Kwa siku 60 hazifiki gramu 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

Sasa tazama pipa hilohilo likisimama wima nje wakati wa masika. Kifuniko chake kina nusu kipenyo cha sentimita 28 hivi. Maji ya mvua yakituama juu yake kwa kina cha sentimita 1 tu, ni takriban lita 2 na nusu. Mvua ya ghafula hupoza pipa lililokuwa na joto la jua. Hewa ya ndani husinyaa, na kizibo kilicholegea hunyonya maji badala ya hewa. Mvua moja yaweza kuingiza maji mengi kuliko umande wa miezi mingi.

Funzo ni wazi: kujaza tangi kunafaa, kwa kuwa hupunguza hewa na oksijeni, lakini kizibo kizuri na paa juu ya pipa vina manufaa zaidi.

Kanuni za utunzaji

1. Pipa liwe kivulini, chini ya paa, juu ya magogo. Likibidi kukaa nje, lilazwe ubavu, vizibo vyake viwili vikiwa katika usawa mmoja, ili mafuta yavifunike kwa ndani.

2. Chombo kisijazwe pomoni. Petroli lita 200 ikipata joto la nyuzi 15 zaidi hutanuka kwa karibu lita 3. Iachwe nafasi ya sehemu 1 katika 20.

3. Tarehe ya kupokea iandikwe juu ya pipa, na yaliyoingia kwanza yatumike kwanza. Petroli isiwekwe zaidi ya miezi michache. Dizeli safi yaweza kukaa miezi 6 hadi 12.

4. Jenereta ya akiba iwashwe kila mwezi na kupewa kazi mpaka ipate joto sawasawa. Maji yaliyotua chini ya chujio yatolewe.

5. Dawa za kuzuia uzee hutiwa katika mafuta mapya. Haziwezi kufufua yaliyokwisha kuharibika.

6. Petroli isiwekwe kamwe ndani ya nyumba, bwenini au darasani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara 3 au 4, hutambaa sakafuni na kuufikia moto ulio mbali. Huweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika ajali ya lori la mafuta mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

7. Petroli iliyozeeka isitiwe katika taa wala jiko la mafuta ya taa. Isimwagwe ardhini pia, maana mito ya nyanda hizi huelekea Mto Malagarasi, nao huingia Ziwa Tanganyika.

Jaribio

Petroli haihitajiki. Chukua chupa tupu ya kioo, iweke juani kwa nusu saa, kisha geuza mdomo wake ndani ya bakuli la maji. Mwagia chupa maji baridi kwa nje. Maji ya bakuli yatapanda ndani ya shingo ya chupa.

Maswali

1. Eleza kwa nini maji yalipanda, na ulinganishe chupa hiyo na pipa lililosimama mvuani.

2. Kama pipa lingekuwa na lita 20 tu za hewa, ni gramu ngapi za maji zingeweza kuingia kwa umande katika siku 60?

3. Kwa nini injini ya petroli yenye kabureta huachwa imalize mafuta kabla ya kuhifadhiwa, lakini ya dizeli haifanywi hivyo?