Hela ya Bibi: Kujenga Mkusanyo wa Sarafu Adimu za Afrika Mashariki kwa Mashindano ya Rejesta

Kijitabu cha elimu kwa umma

Kwanza kabisa: usioshe

Jambo hili lingeweza kusubiri hadi kurasa za nyuma, lakini tumelitanguliza kwa sababu wengi huomba ushauri wakati madhara yameshatokea. Mtu anafungua kopo la bibi yake, chini ya vifungo na sindano anakuta sarafu nyeusi, na kabla hajasoma hata mwaka ulioandikwa anatafuta ndimu na majivu. Wengine hutumia dawa ya meno, wengine steelwool ya jikoni. Nusu saa baadaye sarafu zinameta kama sufuria ya harusi, na sehemu kubwa ya thamani yake imemwagwa na maji ya kuoshea.

Sarafu inapogongwa kiwandani, chuma husukumwa kutoka katikati kwenda pembeni na kuacha mistari myembamba ambayo jicho tupu haliioni. Mistari hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu mpya unapoigeuza mkononi. Ukisugua unaifuta, na badala yake unaacha mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Mkaguzi mwenye lenzi huiona mara moja. Weusi uliokuchukiza ni utando wa miaka mingi unaoikinga sarafu, na kwa mkusanyaji ni ushahidi kwamba hakuna aliyeichezea.

Sarafu iliyosafishwa haipewi daraja la namba. Hufungiwa katika kasha lenye maelezo kwamba ni halali ila imesuguliwa, na katika mashindano tunayoyaeleza hapa kwa kawaida haihesabiwi.

Rejesta ni nini

Ukusanyaji wa sarafu ni wa zamani, lakini ushindani wa rejesta ni wa juzi. Kampuni mbili za Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, hupokea sarafu za watu, huzikagua kama ni halali, huzipa daraja, kisha huzifunga katika makasha magumu ya plastiki yenye namba ya usajili. Madaraja huanzia 1 hadi 70. Kipimo hiki kilitokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon, aliyekitumia mwaka 1949 kwa senti kubwa za kale za nchi yake. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikuwahi kutumika sokoni. Hamsini na kitu imeguswa kidogo, na 20 au 30 imepita mikono mingi lakini bado inasomeka vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hizo zilianzisha rejesta. Mwenye mkusanyo anasajili sarafu zake katika fungu lililopangwa, kwa mfano rupia zote za fedha za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kila sarafu inayotakiwa ina nafasi yake, mitambo inajumlisha alama, na wakusanyaji wa dunia nzima wanapangwa kwa ubora. Rejesta ya PCGS hukubali sarafu zilizofungwa na PCGS peke yake, kwa hiyo chagua mapema utacheza uwanja upi. Kuhama katikati ya safari ni gharama.

Hesabu yake inawachanganya wengi. Chukua fungu la mfano lenye nafasi tatu tu. Heller (sehemu ya mia ya rupia ya Kijerumani) ya kawaida ina uzito wa 1, heller ngumu kupatikana ina uzito wa 3, na sarafu ya dhahabu ina uzito wa 10. Namba hizi tumezitunga ili uelewe. Ukiwa na ya kwanza katika daraja la 65, ya pili 63 na ya tatu 58, unazidisha kila daraja kwa uzito wake: 65, 189 na 580. Jumla ni 834, ukigawanya kwa uzito wote wa 14 unapata karibu 59.6. Sasa iondoe ile ya dhahabu. Zinabaki 254, na unagawanya kwa 14 ile ile, kwa maana nafasi tupu nayo inahesabiwa. Umeshuka hadi 18.

Anayetumia miaka kumi kuipandisha heller yake kutoka 65 hadi 66 wakati nafasi nzito ipo wazi anapiga deki nyumba isiyo na paa.

Kwa nini tunapendekeza Tabora

Tunapoulizwa mtu aanzie wapi, jibu letu huwa moja: chukua eneo dogo unaloweza kulijua kuliko tajiri wa mbali. Hatuwezi kushindana na matajiri wa Marekani katika dola zao za fedha. Lakini sarafu zilizogongwa Tabora mwaka 1916 ziko chache kwa aina, zina historia nzito, na zina tofauti ndogo ndogo ambazo hata wauzaji wengi hawazitazami.

Vita vilipozuka 1914, meli za Uingereza zilifunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kuingia tena. Askari walitaka mshahara, wapagazi walitaka ujira, na noti za dharura zilichapwa hadi watu wakazichoka. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora 1912, na karakana yake ilikuwa na mashine na mafundi. Hapo ndipo serikali ya Kijerumani ilipogonga sarafu zake za mwisho: heller 5 za shaba ya manjano, heller 20 za shaba nyekundu na za manjano, na rupia 15 za dhahabu. Shaba ilikusanywa kutoka vyuma chakavu, yakiwemo maganda ya makombora. Dhahabu ilitoka Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo mkusanyo mzima wa Tabora unahusu miezi michache ya mji mmoja. Zote zina mwaka mmoja, 1916, na herufi moja ya kiwanda, T. Tofauti iko katika mihuri ya chuma iliyochongwa kwa mkono katika mazingira ya vita, iliyokuwa ikichakaa na kubadilishwa.

Ishike heller 20 chini ya lenzi. Tazama taji: kuna muhuri wenye taji kubwa na mwingine wenye taji dogo. Igeuze, utazame herufi mbili za L katika neno HELLER. Kwenye baadhi ncha zake zimechongoka, kwenye nyingine L ya pili imejikunja kidogo, na zipo ambazo zote mbili zimejikunja. Changanya mataji mawili na aina tatu za L, kisha kumbuka kuna shaba nyekundu na ya manjano, na sarafu ya thamani moja imekuwa fungu zima. Baadhi ya michanganyiko ni ya kawaida na mingine husakwa kwa miaka. Heller 5 nayo ina mbili: taji lenye kitako cha duaradufu na taji lenye kitako bapa.

Rupia 15 ndiyo bibi harusi. Ina tembo aliyepandisha mkonga mbele ya milima, na upande wa pili tai wa Ujerumani. Zilitengenezwa 16,198 tu. Thamani ya 15 inashangaza hadi ujue kwamba rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20, sarafu ya dhahabu ya kawaida Ujerumani. Ina gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu, na upana wa milimita 22. Hapa pia kuna aina mbili: pambo la upande wa kulia linaishia chini ya T au chini ya A katika neno OSTAFRIKA. Herufi hizo ziko jirani, na tofauti yake haizidi upana wa ukucha wa mtoto mchanga. Anayejaza fungu kamili anazihitaji zote mbili.

Kabla ya dhahabu, hela

Dhahabu ya Tabora haiwezekani kwa mfuko wa kila mtu, nasi hatumsukumi mtu akope. Mlango mdogo upo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iligonga pesa za shaba kwa miaka mitatu tu, 1890, 1891 na 1892. Upande mmoja una tai na jina la kampuni kwa Kijerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Ile ya 1890 ina 1307. Nafasi tatu, unajaza bila kuuza ng'ombe.

Kutoka hapo nenda kwenye heller. Mwaka 1904 rupia iliacha kugawanywa kwa pesa 64 ikagawanywa kwa heller 100, na vinywa vyetu vikaigeuza kuwa hela. Ujerumani iliondoka, neno likabaki mifukoni mwetu hadi leo. Heller moja ziligongwa kati ya 1904 na 1913, na chini utaona A, yaani Berlin, au J, yaani Hamburg. Mwaka mmoja wenye herufi mbili ni nafasi mbili. Mtu anayesema tayari anayo ya 1905 aulizwe: ya wapi?

Rupia za fedha zenye Kaisari Wilhelm aliyevaa kofia ya chuma ni ngazi nyingine. Fungu lake lina kizingiti kimoja, rupia 2 za 1893 na 1894, na wengi hukwama hapo. Tahadhari pia na rupia zilizotobolewa au kuunganishwa na kikuku au mkufu. Wanawake wengi wa pwani na bara walizivaa, na alama ya kulehemu hubaki hata ikifutwa kwa ustadi. Kwa rejesta hazina nafasi. Ukiirithi iliyo kwenye mkufu, iache kwenye mkufu wake. Ni urithi wa aina nyingine, na kuubomoa ili kupata sarafu mbovu ni hasara mara mbili.

Jicho, mizani na subira

Vifaa ni vichache: lenzi ya mara kumi, mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kipimo cha upana, sumaku, na taa ya mezani. Rupia kamili ina gramu 11.66. Ikikupa 10.9, au ikirukia sumaku, mazungumzo yameisha. Rupia 15 za bandia ni nyingi, na baadhi zina dhahabu halisi ndani yake, kwa hiyo fundi dhahabu akikuambia "hii ni mali" hajakuambia kwamba ni ya 1916.

Makasha nayo hughushiwa. Namba ya usajili iangalie katika tovuti ya kampuni, ulinganishe picha ikiwepo: doa lile lile, mkwaruzo ule ule.

Kampuni hutoa pia orodha ya idadi, yaani sarafu ngapi zimepewa daraja gani. Isome kwa wasiwasi kidogo. Wapo wanaovunja kasha na kuirudisha sarafu ile ile ikaguliwe upya wakitafuta namba ya juu, na kila safari inaweza kuhesabiwa kama sarafu mpya. Kinyume chake, "moja tu duniani katika daraja hili" huenda ikawa kwa sababu wenye nyingine hawajazipeleka. Tumewaona watu wakilipa mara tatu kwa nukta moja ya daraja ambayo hata mkaguzi yule yule, siku nyingine, asingeitoa.

Kuhusu uvumi wa simu

Kila baada ya miezi kadhaa huzunguka ujumbe kwamba shilingi ya mkoloni yenye simba inanunuliwa kwa mamilioni. Shilingi za Afrika Mashariki za 1924 na 1925 ziligongwa kwa makumi ya mamilioni, na fedha halisi ndani yake ni robo tu. Zipo kila kijiji. Akitokea mnunuzi anayetaka kwanza umtumie ada ya usajili au ya usafiri, funga simu.

Mipaka ya sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Sarafu za Tabora haziingii humo. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinaingia, na kuchimbua magofuni au kuzitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, ambayo mpaka wake ni 1895, kwa hiyo pesa za Mombasa za 1888, zilizogongwa kwa ajili ya kampuni ya Waingereza, zichukuliwe kwa uangalifu huo. Uliza ofisi ya makumbusho kabla ya kufunga kifurushi.

Kuhifadhi

Pwani ni adui wa shaba. Chumvi na joto huzaa unga wa kijani unaokula chuma. Weka sarafu katika vifuko visivyo na plastiki laini yenye harufu, maana hiyo huacha utelezi wa kijani, na ndani ya boksi tia vipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja na viatu vipya. Shika kwa ukingo, juu ya kitambaa, mdomo ukiwa umefungwa. Tone la mate huacha doa lisilotoka.

Kisha nunua daftari. Kila sarafu ipate ukurasa, uandike siku hiyo hiyo, kwa maneno ambayo mwanao ataelewa. Mfano:

"Heller 20, 1916, T. Shaba nyekundu. Taji kubwa, L zote ncha kali. Nimeinunua kwa fundi saa, Tabora mjini, na risiti iko nyuma ya ukurasa huu. Ina doa jeusi kushoto kwa taji, ilikuja nalo. Haijaoshwa."