Vihisi vya Unene wa Atomi Moja Mbele ya Damu

Kipimo cha sukari anachotumia mgonjwa wa kisukari nyumbani ni, kwa hakika, mita ndogo ya umeme. Kimeng'enya kilichopakwa kwenye stripu huiondolea glukosi elektroni zake, elektroni hizo hufikishwa kwenye elektrodi, na mkondo unaopatikana hugeuzwa kuwa namba. Katika jasho au machozi, ambamo sukari ni kidogo sana, mkondo huwa hafifu mno. Ndiyo maana watafiti wakaigeukia mata yenye unene wa atomi moja au chache.

Inayojulikana zaidi ni grafini, tabaka moja la kaboni, ambayo Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliitenga mwaka 2004 kwa kubandua grafiti kwa utepe wa gundi. Kinadharia, gramu moja yake ina eneo la takriban mita za mraba 2,630, kwani kila atomi iko usoni. Hakuna iliyofichika ndani. Mwaka 2011 zikafuata maksini, ambazo za kwanza zilikuwa matabaka membamba ya titani na kaboni. Eneo hilo kubwa huzifanya zifae pia katika kuhifadhi umeme: ayoni hujipanga juu ya uso, na kapasita huchajiwa haraka, ingawa hubeba nishati ndogo kuliko betri ya lithiamu.

Kwa tabibu, hata hivyo, uso unaopokea kila kitu ni mashaka. Damu si maji ya chumvi ya maabara. Protini zake huung'ang'ania uso huo na kuuziba. Vitamini C, asidi ya yuriki na parasetamoli nazo huweza kutoa elektroni kwenye elektrodi. Namba hupanda, na mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka huenda akaongezewa insulini. (Hatari hii haikuanza na grafini, baadhi ya vipimo vya kawaida vinayo.) Maksini za titani zina udhaifu wa ziada: zikikutana na maji na oksijeni huharibika taratibu na kuwa oksidi ya titani, na joto huharakisha uharibifu huo.

Kinga mojawapo ni kufunika elektrodi kwa utando wa Nafion wenye chaji hasi. Utando huo huzifukuza vitamini C na asidi ya yuriki, ambazo katika damu zina chaji hasi pia. Parasetamoli haina chaji, hivyo hupenya. Kwa sababu hiyo, taarifa ya kihisi kipya ikitufikia, kabla ya kustaajabia kiwango kidogo kinachoweza kukipima, tuulize kama kilijaribiwa kwa damu nzima ya mgonjwa aliyemeza parasetamoli.