Darsa: Uwezo wa Waziri Mkuu na Mipaka Yake

Amma baada. Neno waziri li katika ndimi za watu kila siku, na wengi walitamkao hawajui uzito wake. Mtu husikia kuwa fulani amefanywa waziri mkuu, akadhani kuwa nchi yote imetiwa mkononi mwake. Ikitokea dhiki humlaumu yeye peke yake, na likitokea jema humsifu yeye peke yake, wala haulizi huyo waziri amepewa nini na amenyimwa nini. Kumlaumu mtu kwa asiloliweza ni dhulma, na kumsamehe kwa alilopewa ni upuzi. Kwa sababu hii yafaa jambo hili lisomwe kwa tartibu.

Mas'ala ya kwanza: Asili ya neno.

Imam Abul-Hasan Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i, aliyekufa Baghdad mwaka 450 wa Hijria (yaani 1058), ameuwekea uwaziri mlango wake katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya. Ametaja kauli tatu katika asili ya neno hili. Ya kwanza, kuwa limetoka katika wizr, nao ni mzigo, kwani waziri humchukulia mtawala mizigo yake. Ya pili, kuwa limetoka katika wazar, nayo ni makimbilio, kwani mtawala hukimbilia rai ya waziri wake. Ya tatu, kuwa limetoka katika azr, nao ni mgongo, kwani mtawala hupata nguvu kwake kama mwili upatavyo nguvu kwa mgongo.

Kauli hizi zatafautiana, walakini zakutana mahali pamoja: waziri si asili ya mamlaka, bali ni msaidizi wa mwenye mamlaka. Na dalili aliyoileta Al-Mawardi ni khabari ya Nabii Musa (a.s.) katika Sura Taha, alipomuomba Mola wake amfanyie Harun nduguye kuwa waziri. Ikiwa msaidizi wafaa katika utume, basi katika utawala wafaa zaidi.

Mas'ala ya pili: Namna mbili za uwaziri.

Uwaziri ni wa namna mbili. Wa kwanza ni uwaziri wa tafwidh, maana yake kukabidhiwa. Mtawala humkabidhi mtu mambo ayaendeshe kwa rai yake na ijtihadi yake. Waziri huyu aweza kuhukumu na kusikiza madhalimu, kuwaweka magavana, kuongoza jeshi, na kutumia mali ya hazina. Wa pili ni uwaziri wa tanfidh, maana yake kutekeleza. Huyu hana rai yake mwenyewe. Yu baina ya mtawala na raia, hufikisha amri na kurudisha khabari. Mambo manne aliyopewa wa kwanza, huyu hana hatta moja. Sharti zake ni nyepesi zaidi, lakini lazima awe mwaminifu, mkweli wa ulimi, na asiwe na tamaa, kwani mjumbe akihongwa amri hugeuka njiani.

Mfano wake katika biashara ni huu. Tajiri humkabidhi wakili duka, anunue na auze kwa rai yake. Na tajiri huyo huyo humtuma mtu kupeleka barua na kurudi na jawabu. Hasara ikiingia dukani, wakili ataulizwa. Ama mwenye barua, akiwa ameifikisha kama ilivyo, hana la kuulizwa.

Mas'ala ya tatu: Mipaka ya aliyekabidhiwa.

Asidhani msomaji kuwa waziri wa tafwidh hana mpaka. Al-Mawardi amesema kuwa yote ayawezayo mtawala huyaweza waziri huyu, illa matatu. La kwanza, hawezi kumchagua mrithi wa utawala. La pili, mtawala aweza kuuomba umma umpumzishe, na waziri hana haki hiyo. La tatu, mtawala aweza kumuuzulu aliyewekwa na waziri, na waziri hawezi kumuuzulu aliyewekwa na mtawala. Juu ya hayo yako mawili ya wajibu: waziri amkhubirishe mtawala aliyoyatenda, na mtawala ayachungue matendo ya waziri, ayathibitishe yaliyo sawa na ayarudishe yaliyopotoka. Kwa hivyo kukabidhi si kulala usingizi. Mwenye kukabidhi kisha asiulize, yeye naye ana sehemu katika kosa.

Mas'ala ya nne: Aliyekabidhiwa bila ya ngao.

Mwaka 170 wa Hijria (786) Khalifa Harun Ar-Rashid alimkabidhi Yahya bin Khalid Al-Barmaki mambo ya dola. Yahya na wanawe Al-Fadhl na Ja'far wakaendesha nchi miaka kumi na saba, wakawa na mali na sifa zisizo kifani. Mwaka 187 (803) Khalifa akageuka: Ja'far akauawa, na Yahya na Al-Fadhl wakatiwa kifungoni, nao wakafa humo. Wanahistoria wametaja sababu nyingi na hawakuafikiana. Lakini lililo wazi ni kuwa hapakuwa na baraza la kuwauliza hadharani, wala sharia iliyowekwa ya namna ya kumuondoa waziri. Uwezo wao ulisimama juu ya ridhaa ya mtu mmoja. Ridhaa ilipoondoka, vichwa navyo viliondoka.

Mas'ala ya tano: Waziri mkuu wa Uingereza.

Katika nchi ya Uingereza, Robert Walpole ndiye ahisabiwaye kuwa waziri mkuu wa kwanza, tangu 1721 hatta 1742. Jina hilo halikuwamo katika sharia yoyote; lilikuja kwa ada. Ada hiyo ni kuwa mfalme humuita yule awezaye kuaminiwa na wengi katika Baraza la Makabwela, naye huwachagua mawaziri, na mfalme huwaweka kwa shauri lake. Mwaka 1742 Walpole alipopoteza nguvu katika baraza hilo, alijiuzulu. Hakuuawa wala hakufungwa. Alipewa cheo cha ulodi, akaishi hatta 1745. Msomaji na amlinganishe na Ja'far.

Waziri mkuu huyu kwa dhahiri yu kama waziri wa tafwidh, bali zaidi, kwani mfalme hufuata shauri lake. Lakini amezungukwa na kuta tatu.

Ukuta wa kwanza ni mawaziri wenziwe. Baraza lao hushauriana kwa siri, na likisha kukata shauri wote husema neno moja mbele ya watu; asiyeridhika hujiuzulu. Ndivyo alivyofanya Robin Cook mwezi wa Machi 2003, alipokataa vita vya Iraq. Na mawaziri wakimuacha mkubwa wao, hasimami. Margaret Thatcher alitawala tangu 1979, na mwezi wa Novemba 1990 alipata kura nyingi kuliko mshindani wake katika chama, ila hazikutimu kiasi kilichotakiwa. Mawaziri wake wengi wakamwambia kuwa hatashinda duru ya pili, naye akaondoka.

Ukuta wa pili ni bunge. Tarehe 28 Machi 1979 wabunge walipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya James Callaghan: 311 kwa 310. Kura moja tu, na ikabidi uchaguzi ufanywe.

Ukuta wa tatu ni mahakama. Mwaka 2019 waziri mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia alifunge bunge kwa muda wa majuma matano. Tarehe 24 Septemba majaji kumi na mmoja wa Mahakama Kuu ya juu kabisa walihukumu kwa kauli moja kuwa shauri lile lilikuwa kinyume cha sharia, na bunge likahisabiwa kuwa halikufungwa.

Mas'ala ya sita: Waziri Mkuu wa Tanzania.

Jina ni moja, na hali ni nyengine. Katika Katiba ya 1977 Rais ndiye mkuu wa serikali, naye ndiye aongozaye Baraza la Mawaziri, na baraza hilo ni la kumshauri. Rais humteua Waziri Mkuu, na uteuzi huo hautimii mpaka uthibitishwe na Bunge kwa kura za walio wengi. Kazi yake, kwa Ibara ya 52, ni kusimamia utekelezaji wa siku hata siku wa shughuli za serikali, na kuongoza shughuli za serikali Bungeni. Huwajibika kwa Rais, na Bunge nalo laweza kumpigia kura ya kutokuwa na imani. Mwenye kumpima kwa mizani ya Al-Mawardi atamuona yu karibu zaidi na tanfidh, hali ya kuwa ana kitu cha tafwidh ndani yake. Na mwaka 2008 Edward Lowassa alijiuzulu cheo hicho baada ya kamati teule ya Bunge kutoa ripoti juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Huko pia cheo kiliondoka na mtu akabaki.

Faida ya darsa.

Watu hudhani kuwa mpaka ni adui wa waziri. Sivyo. Raia hulindwa kwa mpaka wasidhulumiwe, na waziri naye hulindwa kwa mpaka huo huo asichinjwe kwa hasira ya mtu mmoja. Basi mwenye kusikia habari ya waziri mkuu wa nchi yoyote, kabla ya kusifu au kulaumu, na aulize manne:

1. Nani amemuweka?
2. Nani aweza kumuondoa, na kwa njia gani?
3. Lililotendwa ni rai yake, au ni amri aliyoifikisha?
4. Aliyemkabidhi amemchungua, au amelala?

Akijibiwa la nne kuwa amelala, basi na ajitazame na nafsi yake: ikiwa naye ni katika wapigao kura, yeye pia ni mmoja wa waliokabidhi.

Wallahu a'lam.